Kufufua Hilux ya zamani kwa mfuko mdogo: anza na chesisi, rangi ije mwisho

Ukipita gereji za Unga Limited hapa Arusha utaona pikapu imepigwa rangi ya kung'aa, ina rimu mpya, lakini iko juu ya mawe na injini yake iko kwenye gunia. Pesa ya mwenyewe ilitumika juu, ikaisha kabla ya kufika chini. Hatua zilizo hapa zinafuata njia tofauti: kila shilingi ianze na kinachobeba gari, kinacholisimamisha na kinachopoza injini. Uzuri utapata zamu yake.

Mwongozo unahusu Toyota Hilux za mwaka 1988 hadi 1997 zenye injini ya dizeli ya 2L (cc 2,446) au 3L (cc 2,779), hasa ile ya 4WD inayojulikana kwa namba LN106, yenye ekseli nzima mbele na springi za majani kote kote. Kwa mtu mwenye mfuko mdogo hapa Arusha na Moshi, hii ndiyo pikapu kongwe inayolipa. Mafundi wameizoea, spea mpya na za mtumba zipo, na injini haina kompyuta ya kusomwa kwa mashine. Mwenye Land Rover 109 anaweza kufuata mpangilio huohuo, ila akumbuke bodi yake ni alumini: kuoza kwake kuko kwenye chesisi na pale alumini inapokutana na chuma.

Kabla ya yote, chukua pesa itakayobaki baada ya kununua gari, igawe mafungu kumi. Matatu ni ya chesisi, springi, breki na matairi. Matatu ni ya injini na rejeta. Moja ni la umeme, mawili ya bodi na rangi. Fungu la kumi ni akiba, nalo lisiguswe mpaka gari litembee, kwa sababu hakuna gari la miaka thelathini lisilo na siri.

Kununua

Fika asubuhi na umwombe muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Beba nyundo ndogo, bisibisi kubwa, tochi, kitambaa na sumaku.

Anza na kadi ya usajili wa gari. Namba ya chesisi imegongwa kwenye reli ya kulia ya chesisi, sehemu ya mbele karibu na tairi. Isugue kwa brashi ya waya uisome herufi kwa herufi dhidi ya kadi. Ukiona pale pamesagwa kwa grenda au pana mstari wa kuchomelea, ondoka, hata kama bei ni ya kutupa. Namba ya injini kutofautiana na kadi ni jambo la kawaida kwa magari haya, maana mengi yameshabadilishwa injini. Lakini marekebisho ya kadi yafanyike TRA (Mamlaka ya Mapato) na muuzaji mwenyewe kabla hujalipa, kwa sababu baada ya hapo mzigo ni wako.

Kisha ingia chini na nyundo. Gonga reli za chesisi kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia, mlio unakaa sikioni. Kilichooza kinatoa sauti iliyokufa kama kugonga gome la mti, na chembe za kutu zinakudondokea usoni. Pakague zaidi mahali panne: juu ya ekseli ya nyuma pale chesisi inapojipinda, kwenye mabano ya mbele ya springi za nyuma, nyuma tu ya kebini ambako matope yanakaa msimu hadi msimu, na kwenye vikalio vya kebini vyenye raba. Uliza gari lilikuwa likibeba nini. Lililobeba ng'ombe, mbolea au magadi limekula chumvi kwa miaka, na kutu yake huanzia ndani ya reli ikitoka nje. Tundu dogo karibu na bano la springi upande mmoja linatibika. Kuoza pande zote mbili kunamaanisha kutafuta chesisi nyingine, na hapo bajeti ndogo imeshakwisha.

Sumaku iliyofungwa kitambaa ni ya bodi. Isipokamata kwenye ukingo wa chini wa mlango au juu ya tairi, ujue chini ya rangi ni puti, ile ya kuziba mashimo.

Sasa washa. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa bado baridi, washa, uangalie maji. Mapovu yanayotoka mfululizo, yasiyokoma baada ya dakika mbili tatu, yana maana gasi ya silinda inapita kwenye maji: gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda) imekufa au hedi ina ufa. Funga, kisha upande nayo mlima. Ukiwa Moshi panda barabara ya Kibosho au Machame. Ukiwa Arusha panda Ilboru. Kipimo cha joto kikipita katikati na kuendelea kupanda, bei ya gari ipungue kwa gharama ya hedi nzima.

Kufungua bila kupoteza

Osha chini yote kwa mafuta ya taa na brashi, halafu maji ya presha. Nati zote utakazofungua zipake mafuta ya kulegeza kutu siku mbili tatu kabla. Kila sehemu ipigwe picha kabla ya kuguswa, na bolti zake ziingie kwenye mfuko mmoja wenye jina. Usifungue gari zima kwa wakati mmoja. Fungua eneo, lipone, lifunge, uende jingine. Gari linaloweza kusukumwa na kuongozwa halitakwama kwenye gereji ya mtu likidaiwa gharama ya maegesho.

Kuna kosa moja linaloharibu Hilux nyingi kimyakimya. Bolti nyingi za Toyota za kipenyo cha milimita 10 zina uzi wa hatua 1.25. Bolti za milimita 10 zilizojaa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi zina hatua 1.5. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, fundi anaisukuma kwa spana, na uzi wa ndani unakatika. Nenda dukani na bolti ya zamani mkononi, ulinganishe uzi kwa uzi, na kwa sehemu zinazobeba mzigo uchukue iliyoandikwa 8.8 au zaidi kichwani.

Chesisi

Kama bajeti inaruhusu kutoa bodi ya nyuma peke yake, itoe. Imeshikwa na bolti chache, watu wanne wanaibeba, nawe unapata nafasi ya kufika mahali kutu inapopenda. Kebini ibaki.

Kwangua kwa brashi ya waya ya grenda mpaka chuma kionekane. Palipobaki vidoa vya kutu ndani ya vishimo, pakaa dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, iache ikauke iwe nyeusi, kisha praima ya epoksi mikono miwili, halafu rangi nyeusi ya chesisi. Usimruhusu mtu apake lami juu ya kutu. Lami inaficha, maji yanaingia kwenye nyufa zake na kukaa humo, na baada ya masika mawili chuma kimeisha wewe ukiona kinang'aa.

Penye tundu au ufa pana kanuni zake. Kata chuma kibovu chote hadi ufikie kizima. Ufa utobolewe tundu la milimita 5 au 6 kwenye ncha zake zote mbili, la sivyo utaendelea mbele ya kiraka. Kiraka kiwe cha bamba la milimita 4, na umbo lake liwe la almasi au lenye ncha za mshazari. Kiraka cha mraba kinaacha mstari wa wima unaokata reli toka juu hadi chini, na chesisi huvunjikia hapo hapo siku gari limebeba tofali. Rodi za kuchomelea ziwe za aina ya 7018, za milimita 2.5 au 3.2, kavu. Rodi iliyolala kwenye stoo yenye unyevu huacha vishimo ndani ya mshono usivyoviona. Mwambie fundi mapema, kwa heshima, maana wengi hufanya kazi na 6013 kwa geti na dirisha: "Fundi, hii ni chesisi, naomba 7018, na ukiwa tayari kuchomelea nijulishe nitoe betri." Waya zote mbili za betri zitolewe, na tanki la dizeli pamoja na mipira yake visogezwe mbali.

Springi, ekseli ya mbele na usukani

Springi zilizolegea usizitupe. Mafundi springi wanazifungua, wanazirudishia mkunjo na kubadilisha jani lililovunjika, kwa sehemu ndogo ya bei ya seti mpya. Badilisha senta bolti, bushi zote na yubolti. Yubolti iliyokazwa mara moja imeshanyooka. Haishiki tena kama mwanzo.

Ekseli ya mbele inua kwa jeki, weka stendi, kisha shika tairi juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, ulitikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za tairi. Ukibaki, ni beringi za kingpini juu na chini ya kifundo kinachogeuza tairi. Kipimo hiki cha dakika moja kinaokoa pesa ya kununua kisichohitajika.

Halafu angalia bakuli la duara nyuma ya tairi. Likiwa limelowa uji mweusi, sili ya ndani ya ekseli imekufa na oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) imeingia kwenye grisi ya sivi jointi, kiungo kinachozungusha tairi. Kuongeza grisi hakusaidii. Fungua vifundo vyote viwili, osha, weka seti ya sili, rudisha kwa grisi ya molibdeni. Wakati huohuo tafuta kipumulio cha difu, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Vumbi la njia za Monduli au Mererani likikiziba, hewa ya moto ndani ya difu haina pa kutokea, inasukuma sili. Sili mpya juu ya kipumulio kilichoziba itavuja mwezi uleule. Ekseli ya nyuma nayo ni hivyohivyo, na kule oili inaingia kwenye dramu na kulowesha breki.

Ukibadilisha oili ya difu au ya gia boksi, fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Kuna waliomwaga oili yote kisha wakakuta ya kujazia imeshikana na haifunguki. Difu inachukua 80W-90 ya daraja la GL-5, hadi ianze kutiririka kwenye tundu.

Breki

Hapa hakuna mtumba. Paipu za chuma zilizokula kutu, mipira mitatu inayonyumbuka, raba za silinda, viatu vya nyuma na pedi za mbele vinunuliwe vipya. Dramu na diski zinaweza kukerezwa, lakini kila moja ina kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye chuma chake; mwombe mkerezaji akupimie mbele yako. Ikipita kipimo, ni chuma chakavu.

Juu ya difu ya nyuma kuna valvu yenye fimbo ndefu inayounganishwa na ekseli. Kazi yake ni kupima mzigo: gari tupu linapewa breki kidogo nyuma, lililojaa linapewa nyingi. Mafundi wengi huiondoa ikishikana. Matokeo yake ni kwamba gari tupu kwenye lami iliyolowa linafunga matairi ya nyuma na kugeuka ubavu. Ifungue, isafishe, ikikataa tafuta nyingine. Unapotoa hewa anza tairi la mbali na silinda kuu, yaani la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia, ukimalizia na nipo (kichuchu cha kutolea hewa) ya valvu hiyo. Mafuta ya breki ni ya daraja la DOT 3 kutoka chupa isiyofunguliwa. Yanavuta unyevu wa hewani, kwa hiyo chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana haifai.

Injini

Kama injini inawaka vizuri, usiifungue. Ipime. Geji ya kompresheni ya dizeli inafungwa kwenye matundu ya hita plagi (plagi za kupasha silinda joto), silinda moja baada ya nyingine, injini ikiwa ya moto. Kwa 2L na 3L kiwango cha chini kabisa ni kilo 20 kwa sentimita ya mraba, na tofauti kati ya silinda na silinda isizidi 5. Zikiwa juu ya 25 na zinakaribiana, pesa ya ovaholi ielekee kwingine.

Kisha fanya yafuatayo, kwa mfuatano huu.

Badilisha taimingi belti na beringi yake ya kukazia, bila kujali muuzaji amesema nini. Muda wake ni kilomita 100,000, na hakuna anayejua ilianza lini. Ikikatika, valvu zinakutana na pistoni. Mwaka ilipobadilishwa na kilomita uziandike kwa rangi kwenye kifuniko chake.

Pima nafasi ya valvu injini ikiwa baridi: za kuingiza milimita 0.20 hadi 0.30, za kutolea 0.40 hadi 0.50. Zinarekebishwa kwa vidonge vya chuma, si kwa skrubu, kwa hiyo andika vipimo vyote nane kwanza. Mara nyingi unaweza kuhamisha kidonge cha valvu moja kwenda nyingine ukanunua viwili tu.

Rejeta ipelekwe kwa fundi rejeta, ifunguliwe tanki la juu na kusuguliwa. Kuimwagia dawa ya kusafisha hakutoshi kwa rejeta iliyolishwa maji ya mfereji miaka ishirini. Weka themostati. Fundi atakayekwambia uitoe "ili injini ipoe" anakuelekeza pabaya: themostati ya injini hii ikishafunguka inaziba pia njia ya mkato ya maji, ukiitoa, sehemu ya maji moto inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Jaza kulanti na maji yaliyotoneshwa, yale ya kuongezea betri na si asidi, nusu kwa nusu. Feni nayo ina klachi ya mafuta mazito. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, isukume feni kwa kidole: ikizunguka mara nyingi bila kizuizi, klachi hiyo imekufa, na ndiyo inayokuchemshia gari kwenye mlima.

Hedi ikilazimika kufunguliwa, usiende dukani kuomba "gasketi ya 3L" tu. Zipo za unene wa aina tatu, na inayofaa inachaguliwa kwa kupima pistoni zinachomoza kiasi gani juu ya bloku. Nyembamba mno, pistoni inagonga; nene mno, kompresheni inashuka na injini inakuwa ngumu kuwaka asubuhi za Julai. Hedi ipimwe kwa presha ya maji ya moto kabla ya kuchongwa, kwa sababu hizi hupata ufa kati ya valvu mbili, na kuchonga hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili. Upindaji ukizidi milimita 0.20 ndipo inahitaji kuchongwa, na mchongaji ahakikishe vile vikombe vya chemba ya kuwakia vinabaki sawa na uso wa hedi. Bolti zikazwe kutoka katikati kwenda nje, kwa hatua, kwa spana ya torki.

Upande wa hewa usiudharau. Toa mpira unaotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini, ingiza kidole ndani, futa. Kidole kikitoka na vumbi laini la kijivu, kuna mahali hewa inaingia bila kuchujwa: mpira una ufa, au klipu imelegea, au chujio halikai sawa kwenye sinia yake. Vumbi la volkano la huku ni msasa, linamaliza ringi za pistoni ndani ya msimu mmoja wa kiangazi.

Na tafadhali usimruhusu mtu kuongeza dizeli kwenye pampu ili gari "liwe na nguvu". Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Injini isiyo na tabo tayari inapata hewa pungufu. Dizeli ya ziada haina hewa ya kuungua nayo, inatoka moshi mweusi na joto linalopasua hedi. Nozeli nne zikipimwa na kuwekwa vidokezo vipya, gari litapanda Marangu vizuri zaidi.

Hita plagi zisijaribiwe kwa kuziunganisha na betri ovyo, maana zipo za volti pungufu zinazoungua papo hapo. Soma maandishi kwenye plagi. Ipime kwa mita ikiwa mahali pake baada ya kutoa kipande cha shaba kinachoziunganisha: nzima inasoma karibu na sifuri, chini ya omu 1 au kidogo juu yake, iliyokufa haisomi kitu.

Oili ya injini ni 15W-40 ya dizeli, takriban lita 6 pamoja na filta. Baada ya kilomita 500 za kwanza ibadilishe, kwani uchafu wa zamani utakuwa umeng'oka.

Umeme

Kazi ya kwanza ni ardhi, yaani waya za upande hasi. Waya tatu nene: betri hadi chesisi, injini hadi chesisi, kebini hadi chesisi. Kwangua rangi mpaka chuma, kaza, paka grisi juu. Nusu ya matatizo ya stata kuvuta polepole na taa kuwaka kama mshumaa yanaishia hapo.

Pima betri: imezimwa volti 12.6, injini inanguruma 13.8 hadi 14.4. Kisha pima kwenye plagi ya taa kubwa ikiwa inawaka. Ukikuta 14 kwenye betri na 11.5 kwenye taa, volti mbili na nusu zimepotelea kwenye swichi na waya wa zamani. Dawa ni rilei: balbu mbili za wati 60 zinavuta ampea 10, hivyo waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya ampea 15 karibu na betri, na swichi ya zamani iwashe rilei tu. Taa zako zitaongezeka mwanga bila kununua balbu kali. Waya usiunganishwe kwa kusokota na kufunga selotepu. Lehemu, kisha mpira wa kusinyaa kwa moto.

Bodi na rangi

Sakafu na kingo za milango zikatwe na kuwekewa bati la chuma la milimita 1. Hapa mashine ya rodi haifai, inatoboa. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya na gesi, achomelee kwa nukta zilizoachana, akirudia katikati yake baada ya kupoa, bati lisije likajikunja. Toboa upya matundu ya kutolea maji chini ya milango. Wapiga rangi huyaziba na puti, kisha mlango unaoza kutoka ndani.

Puti isizidi unene wa milimita 3. Hadena (kigumishi) ni gramu 20 hadi 30 kwa kilo ya puti. Ikizidi, doa la waridi au njano litapenya rangi yako baadaye. Puti isuguliwe kavu, namba 80, kisha 120, kisha 180. Ukiisugua kwa maji inakunywa kama sifongo, na maji hayo yatarudi kama malengelenge jua la kwanza la Januari. Praima ndiyo inayosuguliwa kwa maji, 400 kisha 600.

Pikapu ya kebini moja inahitaji takriban lita 2 za praima, lita 3 za rangi na lita 2 za klia kwa nje. Kama mfuko ni mdogo, chagua rangi isiyo ya metali: nyeupe, krimu, ile ya mchanga, au kijani kilichokolea. Inasamehe makosa, na siku ukikwaruzwa utapaka kipande bila kupaka ubavu mzima. Rangi ya hadena inadumu kuliko ya thina, lakini mvuke wake unaumiza mapafu. Kinga ya kitambaa haisaidii kitu. Inatakiwa yenye vichujio vya kemikali.

Siku nayo ni sehemu ya kazi. Juni na Julai asubuhi ukungu wa Meru na Kilimanjaro unaacha unyevu juu ya bati, na rangi ya thina inageuka kuwa na utando mweupe. Subiri saa nne au tano, bati lipate joto la mkono. Kiangazi tatizo ni vumbi: mwagia sakafu maji, tundika maturubai pande tatu, na umalize kabla upepo wa mchana haujaamka. Mtungi wa kompresa umwagwe maji kabla ya kila mkono.

Ndani ya reli za chini za kebini na milango, puliza nta ya kuzuia kutu. Oili chafu ambayo wengi hutumia inadondoka, inaozesha raba za milango na inachafua ua wako.

Kulipatia gari sura yako

Kilichobaki ni starehe. Viti vishonwe kwa turubai zito badala ya reksini. Arusha ina mafundi wazuri wa mahema na viti vya magari ya safari, na turubai halichomi mapaja saa nane mchana. Bodi ya nyuma itandikwe mbao zenye nafasi ya sentimita 1 kati yake ili maji yapite. Snokeli (bomba la kuvuta hewa kutoka juu) inafaa huku kwa sababu ya vumbi zaidi ya mito, mradi kila kiungo chake kipitishwe kile kipimo cha kidole.

Kwenye matairi uwe na kiasi. Saizi 205R16 au 7.00-16 inabeba kazi zote. Inchi 33 ni kubwa kuliko 205R16 kwa zaidi ya asilimia 10: spidomita inadanganya, gia ya tano inakufa mlimani, breki zinazidiwa. Kuinua gari kwa sheko ndefu (viungo vya ncha ya springi) ni rahisi kwa bei lakini kunageuza pembe ya ekseli ya mbele, na usukani unaanza kutangatanga kwenye lami ya Moshi hadi Arusha. Afadhali jani moja la ziada kila springi. Hata hivyo, ile fimbo ya valvu ya breki itaona ekseli imekaa mbali na kudhani gari ni tupu, itapunguza breki za nyuma ukiwa umejaza mzigo. Inua bano la fimbo kwa kiasi kilekile ulichoinua gari.

Ukibadilisha rangi au injini, peleka taarifa TRA kadi irekebishwe kabla hujaanza safari ndefu, na ukate bima ukiwa na kadi mpya.

Safari ya kwanza iwe fupi, bila mzigo, na spana za yubolti na za nati za matairi ziwe chini ya kiti. Baada ya kilomita 100 kaza yubolti zote nane na nati za matairi. Rudia kwenye kilomita 500, siku ileile unayomwaga oili, na ukiwa chini pale pita tena na nyundo kwenye kila kiraka cha chesisi.